Gedi, Chai na Kiti ya Msikitini

Gedi hakuwa mtu wa kula sana. Hivyo ndivyo alikuwa akisema mwenyewe, na ukimbishia anakasirika.

"Mimi? Wallahi mimi sikuli. Uliza Asho."

Na ukiuliza Asho, bibi yake, naye anasema, "Kweli kabisa. Huyu mtu hakuli. Asubuhi anatoka na chai tu."

Chai tu. Shika hilo neno, tutarudi kwake.

Gedi ni dalali wa mifugo hapa Isiolo. Baba ya babu yake alikuja huku na jeshi ya Mwingereza. Vita ikaisha, akaambiwa akae, akakaa, akazaa. Baba yake aliendesha lori. Yeye Gedi aliona lori iko na vumbi mingi, akachagua kazi ya mbuzi. Kana kwamba mbuzi hawana vumbi! Anakaa Kiwanjani, nyumba yenye lango ya kijani, na mtoto wao mkubwa ni Hoda, ndiyo maana watu wanamwita Baba Hoda.

Kila asubuhi, akitoka kuswali alfajiri, Asho anamwekea chai. Si chai ya mchezo. Ni maziwa ya ngamia, tangawizi, iliki, na sukari mpaka kijiko inasimama. Gedi anakunywa kikombe mbili akiwa amesimama mlangoni, anapanda boda boda, anaenda soko.

Kwa soko, kazi ya dalali ni mikono. Muuzaji yuko hapa, mnunuzi yuko pale, Gedi katikati. Wanafunika mikono na shuka. Chini ya shuka vidole vinaongea bei, watu wengine hawasikii kitu. Wakikubaliana, shuka inatolewa, na wote wanaenda kwa Ewesit kunywa chai. Hiyo chai ndiyo muhuri. Bila chai, mtu anaweza kugeuka aseme hatukumaliza. Kwa hivyo mbuzi wakiuzwa, chai. Ng'ombe akiuzwa, chai. Bei ikikataa, pia chai, ili watu wasiondoke na hasira.

Ewesit ni mama Mturkana. Mrefu, mdomo mkali, kibanda yake iko karibu na lango ya soko. Hakuwa anamuuliza Gedi sukari ngapi. Alikuwa anajua. Vijiko vinne, na kidogo juu kwa sababu ya urafiki.

Sasa Gedi alikuwa na uchungu moja, na hakuwa anaisema kwa mtu.

Msikitini, pale nyuma, kuna safu ya viti vya plastiki. Ni viti vya wazee, wale magoti yao yamekataa. Mzee anakaa, anainama kidogo, Mungu anaelewa. Gedi hakuwa mzee. Nywele zake bado nyeusi. Lakini tumbo yake ilikuwa imetangulia mbele, na magoti yalikuwa yanalia kama mlango mbovu. Mwaka jana alijaribu kusujudu, akashindwa kuinuka. Watu wawili wakamvuta. Tangu siku hiyo akaenda kwa viti.

Mzee Ahmednasir, ambaye amepita miaka themanini na meno yake bado yanatafuna nyama, alimkaribisha.

"Karibu, kijana. Umeleta magoti yako yatembelee yetu?"

Wazee wakacheka. Gedi pia akacheka. Lakini kila mara watu wakishuka kusujudu, yeye alikuwa anabaki juu pale, anaangalia migongo ya watu. Tangu chuo ya Kurani alifundishwa kwamba mtu akiwa amesujudu ndiyo yuko karibu zaidi na Mola wake. Sasa yeye paji yake ya uso haifiki chini. Aliona kama amefungiwa nje ya nyumba ya baba yake.

Akaenda dispensari. Daktari akampima, akamwambia, "Mzee, magoti yako si mabaya sana. Yamechoka kubeba. Punguza uzito. Na presha yako imepanda. Meza hii tembe kila siku, usiruke."

"Nikipunguza uzito, nitasujudu?"

Daktari alikuwa hajawahi kuulizwa hivyo. "Jaribu tuone," akasema. "Mimi naamini utasujudu."

Gedi akatoka na hilo neno, kama mtu ameokota dhahabu.

*

Kwa soko alikuwa na rafiki, Sakariye, dalali kama yeye. Sakariye anajua kila kitu, kwa sababu yuko na simu.

"Funga!" Sakariye akamwambia. "Watu wa dunia nzima wanafunga siku hizi, hata wale si Waislamu. Angalia huyu mzungu. Mwezi wa kwanza, tumbo. Mwezi wa tatu, hakuna tumbo."

"Kama Ramadhani?"

"Si kama Ramadhani. Hii ni ya mwili tu. Maji unakunywa. Hata chai unakunywa. Chakula ndiyo unaacha mpaka jioni. Chai si chakula."

Gedi akafurahi sana. Kufunga ni kitu amefanya tangu utoto. Tena hii iko na chai! Akarudi nyumbani, akamwambia Asho, "Kuanzia kesho nimefunga mpaka magharibi."

Asho akafurahi kuliko yeye. Ramadhani ilikuwa imeisha juzi tu, na alikuwa anaikumbuka. Nyumba ikiwa na mtu amefunga, jikoni inachangamka. Jioni ya kwanza akapika kama mwezi mtukufu mwenyewe: tende, sambusa, bajia, uji ya maziwa, wali, chapati, na nyirinyiri, ile nyama ya kukaangwa vipande vidogo na kuwekwa ndani ya samli.

"Kula, Baba Hoda," akasema. "Umekaa na njaa siku nzima."

Gedi akala. Mchana alikuwa amekunywa chai ya kuuza mbuzi, chai ya kuuza fahali, na chai ya kupatanisha watu wawili waligombania kondoo. Lakini chai si chakula. Akala mpaka akalegea, akalala na pumzi ya juu.

Wiki ikapita, na ingine, na ingine. Mshipi ya suruali ilikuwa kwa tundu ya mwisho. Siku moja akavuta, ikakataa. Akavuta tena. Ikakatika.

Akashika kile kipande, akakiangalia. "Asho, hii mshipi ilikuwa mbovu?"

Asho akaangalia mshipi. Akaangalia tumbo. Akasema, "Ilikuwa mbovu," kwa sababu ni mwanamke mzuri.

Lakini Gedi si mjinga. Akakasirika. Akasema kama kufunga kidogo haifanyi kazi, atafunga yote. Akaacha chai. Akaacha maji. Jioni Asho akileta sahani, anakula vijiko viwili, anasukuma. Hata zile tembe za presha akaacha, akasema tumbo tupu na dawa haviendi pamoja. Asho alilia, akaomba, hakusikizwa.

Siku ya tatu, jua ya Isiolo ikiwa juu ya kichwa, Gedi alikuwa ameshikana mikono na mnunuzi mmoja kutoka Meru. Shuka imefunika mikono. Chini ya shuka, kidole ya Gedi ikaanza kutetemeka.

"Dalali," Mmeru akanong'ona, "hiyo kidole inatingika ni bei mpya ama ni homa?"

Gedi akataka kujibu. Ulimi ilikuwa imekauka kama ngozi. Soko ikazunguka. Akasikia mbuzi wakilia mbali sana, na alikuwa katikati yao. Akaanguka chini na shuka yake, mbuzi wakaruka huku na huku, na Ewesit akaacha masufuria yake akaja mbio na jagi ya maji.

*

Kwa dispensari wakampa maji ya chumvi na sukari, wakampima, wakamlaza. Daktari aliposikia ameacha tembe za presha, alikuja akasimama karibu na kitanda.

"Unaweza kupooza, mzee. Unaweza kufa. Dawa ya presha haiachwi hivyo. Ukitaka kufunga, unakuja hapa kwanza, tunapanga saa ya dawa."

Pale pale alikuwa Kabale. Kabale ni msichana Mborana, kwao ni Biliqo, amesomea mambo ya lishe na ndiyo kazi yake hapo dispensari, na huko Kiwanjani amepanga chumba ukuta moja na nyumba ya Gedi. Wanajuana. Akavuta kiti akakaa karibu na kitanda.

"Baba Hoda, pole. Mama Hoda anasema umefunga mchana na usiku. Ni kweli?"

"Kweli."

"Hata Ramadhani usiku watu wanakula. Wewe uliambiwa na nani?"

Gedi akageuka upande ya ukuta. Halafu, bila kumwangalia, akamwambia yote. Kiti. Migongo ya watu. Paji ya uso. "Nilifunga na chai, nikanenepa," akasema. "Nikafunga bila chai, nikaanguka kwa mbuzi. Kabale, mimi nataka tu kusujudu. Nifanye nini?"

Asho alikuwa amesimama mlangoni. Hiyo ya kiti alikuwa hajui. Mwanamume anaswali msikitini, mke anajuaje? Akaziba mdomo na ushungi.

Kabale hakucheka. "Tutafika," akasema. "Lakini kwanza tuone unakula nini. Pumzika, umeze dawa, upate nguvu. Halafu nataka siku moja, moja tu, ufunge vile ulikuwa unafunga ile mara ya kwanza. Na chai yako na kila kitu. Mama Hoda, wewe na Ewesit mtanisaidia."

Wakakubaliana hivi. Kila kikombe Gedi atakunywa, kikombe ingine kama hiyo inamwagwa ndani ya ndoo safi yenye kifuniko, bila sukari. Sukari yake inawekwa peke yake kwa mkebe. Jioni, kila kitu Gedi atakula, Asho aweke kiasi hiyohiyo kwa sinia.

"Chakula itaharibika!" Asho akasema.

"Haitaharibika. Hii mtaa haina watoto?"

Siku ikafika. Ewesit kwa soko alifanya hiyo kazi na furaha yote. Kila mara Gedi akiinua kikombe, yeye anapiga kelele, "Ngoja, ndugu ya Gedi pia anywe!" na anamwaga kwa ndoo. Wanunuzi wakauliza huyu ndugu ni nani. Ewesit akasema ni pacha wake, anakaa ndani ya tumbo.

Jioni, baada ya magharibi, wakakaa uani. Gedi alikuwa ameshakula. Kabale akaleta ndoo. Akafungua kifuniko. Akaweka mkebe ya sukari kando, na sinia karibu.

Gedi akaangalia. Ndoo ilikuwa imepita nusu, maziwa matupu. Mkebe ilikuwa imejaa sukari mpaka juu. Kwa sinia kulikuwa mlima.

"Hii ni harusi ya nani?" akauliza.

"Yako," Kabale akasema. "Na hiyo ya ndoo na mkebe, ulikunywa ukiwa umefunga."

Gedi akachungulia ndoo tena. Kisha Asho akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia akashindwa. Gedi akamwangalia na hasira, halafu hasira ikamshinda, naye akacheka mpaka machozi. "Na mimi sikuli!" akasema. "Wallahi, mimi sikuli!"

*

Walipomaliza kucheka, Kabale akaeleza. Alikuwa anaeleza polepole, na Asho alikuwa anasikiza kuliko Gedi.

"Baba yako alikuwa na lori. Lori inataka nini?"

"Dizeli."

"Ukijaza tanki, halafu lori isitembee, halafu ujaze tena?"

"Inamwagika."

"Mwili haimwagi, Baba Hoda. Mwili inaweka akiba. Inaweka hapa." Akagusa tumbo yake mwenyewe. "Ile nguvu iko ndani ya chakula inapimwa. Kipimo yake inaitwa kalori. Sukari iko na kalori. Maziwa iko nayo. Mafuta na samli ndiyo iko na nyingi sana. Maji haina. Chai ya rangi bila sukari, ni kama haina. Mwili haiulizi kama ulitafuna ama ulikunywa. Inahesabu yote."

"Basi maziwa ni mbaya?" Asho akauliza. "Sisi tumelelewa na maziwa."

"Maziwa ni nzuri sana, Mama Hoda. Kwa maana ni chakula. Wazee wetu kule Biliqo wakienda na ngamia, wanakunywa maziwa na wanatembea siku nzima. Baba Hoda anakunywa maziwa na anapanda boda boda."

Gedi akakohoa.

"Na hii ya kufunga," Kabale akaendelea, "haina uchawi. Ukifunga, unapunguza saa za kula. Hiyo inasaidia watu wengine kula kidogo. Lakini ukichukua chakula ya siku nzima na nusu, ukaiweka kwa jioni moja, umepunguza nini? Na ukikata yote, mwili inaishiwa, kichwa inazunguka, na ile siku utashindwa, utakula kama simba. Iko njia ya katikati."

"Nionyeshe hiyo njia."

Wakaenda kwa daktari wakapanga pamoja. Gedi atakula kuanzia saa nne asubuhi mpaka magharibi. Baada ya hapo, mpaka kesho saa nne, ni maji, ama chai ya rangi bila sukari. Tembe ya presha ikapewa saa yake, na kila wiki anapimwa. Daktari akamwambia akisikia kizunguzungu, ama jasho baridi, ama mikono inatetemeka, asijifanye mwanaume. Avunje hapo hapo, ale, na aje apimwe.

Asho akasikia vizuri, akasema, "Basi na mimi nitafunga na yeye. Na mamangu pia, anasumbuliwa na miguu."

"Mama yako anadungwa sindano ya ugonjwa ya sukari," Kabale akasema. "Huyo asifunge mpaka aongee na daktari. Sukari ya damu inaweza kushuka, azirai. Hata mwenye mimba hafungi hii, hata anayenyonyesha, hata mtoto, hata mwenye vidonda vya tumbo, mpaka daktari aseme. Wewe njoo upimwe kwanza, Mama Hoda."

*

Sasa usifikiri ilikuwa rahisi.

Siku za kwanza, saa mbili asubuhi, njaa ilikuwa inakuja na viatu. Tumbo inalia mpaka mbuzi wanageuka. Gedi akampigia Kabale simu.

"Kabale, nakufa."

"Umekunywa maji?"

"Hapana."

"Kunywa kikombe kubwa. Halafu tafuta kazi ya mikono. Njaa inakuja, inapiga kelele kidogo, inapita. Ikirudi, kunywa maji tena. Hiyo si kufa. Kufa ni ile daktari alikuambia, kutetemeka na jasho. Unatetemeka?"

"Sitetemeki. Nina hasira tu."

"Hasira haiui. Nenda uuze mbuzi."

Akanywa maji. Akaenda akashika mikono ya watu chini ya shuka. Akashtuka kuona saa nne imefika na hakuwa anaikumbuka.

Shida kubwa ilikuwa ile chai ya muhuri. Muuzaji mmoja kutoka Merti, mzee wa heshima, alimwona Gedi ameshika kikombe ya maji, akakunja uso. "Dalali, unakataa chai yangu? Biashara hatujamaliza?"

Gedi akamwangalia Ewesit. Ewesit ndiye alimwokoa. Akaleta kikombe inatoa moshi, chai ya rangi, tangawizi imejaa, iliki, karafuu moja, sukari hakuna. Akaiweka mbele ya Gedi na kishindo.

"Mzee, huyu anakunywa," akamwambia yule wa Merti. "Anakunywa strungi. Ni chai ya wanaume. Hiyo yako ya maziwa ni ya watoto."

Mzee akaangalia kikombe yake ya maziwa. Akaangalia ile ya Gedi. "Niwekee na mimi hiyo," akasema.

Alikunywa moja, akakunja uso mpaka masikio, hakuagiza ingine. Lakini biashara ilifungwa. Na tangu hapo hakuna mtu alisema Gedi amekataa chai. Sakariye alicheka wiki moja, halafu naye akaanza kuagiza strungi, na akasema yeye ndiye alianzisha.

Nyumbani Asho alikuwa na yake. Siku moja alimwita Kabale kando ya ukuta.

"Kabale, wewe ni mtoto wangu, nitakuambia ukweli. Mume akikonda, watu wanasema nini? Wanasema Asho anamnyima chakula. Mimi mkono yangu inajulikana. Nikimpunguzia sahani, ni kama nimempunguzia mapenzi."

Kabale akaegemea ukuta. Hiyo si neno ya kujibu haraka.

"Mama Hoda, ulijua hawezi kusujudu?"

"Sikujua."

"Aliogopa kukuambia. Sasa wewe ndiye unaweza kumshusha mpaka kwa mkeka, na hiyo mkono yako. Si mimi. Mimi ninaongea tu, wewe ndiye unapika. Usipike kidogo. Pika tofauti."

Asho akaenda akafikiri. Na mwanamke akishaamua, toka njiani. Saa nne Gedi alikuwa anapata mayai mawili ya kuchemsha, ama ndengu, na ugali kipande, na tunda. Vitu vinakaa tumboni muda mrefu, Kabale alisema, si kama mandazi inapita kama upepo. Jioni ni maji kwanza, tende mbili si kumi, supu ya mboga. Halafu sahani. Nusu ya sahani ni sukuma wiki ama kabichi. Robo ni nyama isiyo na mafuta, ama maharagwe. Robo ni wali ama chapati moja. Maziwa ya ngamia kikombe moja, bila sukari, wakati wa chakula, na inaitwa chakula. Sambusa ikarudi Ijumaa peke yake. Nyirinyiri ikawa kijiko, si bakuli.

Na Asho aligundua kitu. Alikuwa anamwambia, "Kula polepole, mimi niko hapa, siendi mahali." Zamani alikuwa anaweka sinia na kurudi jikoni kukaanga ingine. Sasa hakuna ya kukaanga. Anakaa chini, wanakula pamoja, wanaongea. Shibe inachelewa kufika kichwani, na wakiongea inafika. Walikuwa hawajaongea hivyo tangu Hoda azaliwe.

Gedi akaanza kwenda soko kwa miguu. Mwanzo alikuwa anapumzika njiani mara nyingi, na watu wa boda boda wanamcheka, "Baba Hoda, tumekukosea nini?" Baadaye akawa anapumzika mara moja. Baadaye akasahau kupumzika.

Haikuwa haraka. Kuna wiki alipungua kidogo. Kuna wiki harusi ilikuwa kwa jirani, akaongezeka, akaenda kwa Kabale na aibu. Kabale akasema, "Harusi imeisha. Kesho ni siku ya kawaida." Presha ikashuka polepole, daktari akafurahi, lakini akamwambia tembe aendelee nazo mpaka yeye ndiye aseme.

Mshipi mpya aliyoinunua, Asho akaitoboa tundu ingine kwa ndani, na msumari wa moto. Halafu ingine.

*

Siku moja alasiri, Gedi alikuwa nyumbani peke yake, au alifikiri yuko peke yake. Akachukua udhu. Akatandika mkeka chumbani. Kiti alikuwa ameiweka karibu kama kawaida. Akaiangalia. Akaisukuma kando na mguu.

Akaswali akiwa amesimama. Akarukuu. Akainuka. Sasa imefika. Akasema Allahu Akbar, akashusha magoti polepole. Yalilia kidogo. Yakashika. Akaweka mikono chini. Tumbo ikampa nafasi. Akashusha uso.

Paji ya uso ikagusa mkeka.

Asho alikuwa anapita kwa mlango na ndoo ya nguo. Akaona mume wake chini, hasogei. Akangoja. Hasogei. Roho ikaruka. Akaacha ndoo.

"Baba Hoda! Umekwama?"

Hakuna jibu. Mtu akiswali hajibu.

"Gedi! Nimwite Kabale? Niite watu wakuvute?"

Ndiyo akamwona anainuka. Peke yake. Akakaa vizuri, akarudi chini mara ya pili, na mara hii pia akakaa huko muda mrefu. Asho akaegemea mlango mpaka Gedi alipotoa salamu kulia na kushoto.

Akageuka. Uso ilikuwa imelowa mpaka ndevu.

"Sikukwama, Asho," akasema. "Nilikuwa nashukuru. Ilikuwa nyingi, nimechelewa kumaliza."

Asho akakaa chini pale mlangoni, na yeye akasema Alhamdulillahi mpaka sauti ikakatika.

Hiyo Ijumaa Gedi alipita safu ya viti bila kusimama. Mzee Ahmednasir akamshika shati.

"Kijana, umepotea? Kiti yako ni hii."

"Leo naenda mbele, mzee. Asante kwa kunitunzia."

Ahmednasir akamwangalia juu mpaka chini, akaachia shati. Akavuta ile kiti tupu karibu, akaweka fimbo yake juu. "Mashallah. Fimbo yangu pia imechoka," akasema. "Nenda. Ukifika huko chini, utuombee na sisi."

Gedi akaenda mbele. Watu waliposhuka, naye akashuka, na hakuona mgongo ya mtu yeyote.

Basi wewe unayesoma hii, kama umeamua kufunga kwa ajili ya mwili, Mungu akupe nguvu. Pimwa kwanza. Dawa yako usiache. Kunywa maji, kula polepole, na njaa ikipiga kelele usikimbie. Na kabla hujasema hukuli, weka ndoo hapo kando siku moja tu, umwagie ndugu yako chai.